Wakuu, dumuzi wamemaliza mahindi niliyotunza Mbagala kusubiri bei. Nimekosea wapi?

Mlimaji wa Simu
Habari za jioni wakuu. Mi nipo Mbagala, kibarua changu ni cha mjini tu ila kila mwaka nakodi heka kadhaa Handeni, kuna jamaa ananisimamia, ndo kile kilimo cha simu mnachokicheka humu kila siku. Msimu huu Mungu kasaidia nikapata gunia 22, sio lumbesa, gunia za kilo mia zilizopita kwenye mzani. Bei ya wakati wa mavuno ilikua ya kutia huruma nikasema hapa siuzi, nikakodi Fuso nikaleta Dar mwezi wa tisa, nangoja Januari au Februari watu wakishamaliza akiba zao nipige hela.

Nikapanga kwenye chumba cha uani. Dawa nilitia, msiseme sikutia. Ya unga, nilinunua huko huko duka la pembejeo, nikanyunyizia juu ya kila gunia kabla ya kushona mdomo. Sasa mwanzoni mwa mwezi huu wa 12 usiku nasikia kitu kama mtu anatafuna mchanga, krr krr krr, nikajua panya, nikaweka sumu ya panya nikalala. Juzi nafungua mlango sakafu nyeupe kama kuna mtu kamwaga sembe. Gunia la chini kabisa nimelinyanyua kwa mkono mmoja. Gunia la kilo mia wakuu, mkono mmoja!

Maswali mawili. Niliuziwa dawa feki? Na hichi kilichobaki nakiokoaje? Picha zinagoma kupanda, network ya huku shida.

Kokoto Nyeusi
Hahaha mkuu we si ulitaka uuze, wamekusagia kabisa, peleka sokoni kama dona

dada tunu
Kokoto we huna dogo, mtu kapoteza mtaji wa mwaka mzima. Pole sana kaka. Mi nangoja wataalamu waje nijifunze, nina gunia 6 za mama mkwe chumbani hapa Kinyerezi na nimeanza kuzisikilizia usiku huu huu

Mpakuzi wa Tandale
Pole mleta mada. Nipo sokoni Tandale mwaka wa 17 huu, nimeshusha mahindi ya Kibaigwa, Songea, Sumbawanga, Kiteto, mpaka naota mahindi. Kabla hatujaanza kugombana kuhusu dawa, fanya kitu kimoja, okota wadudu kama kumi weka kwenye karatasi nyeupe uwaangalie vizuri. Yupo mwenye mdomo mrefu mbele kama mkonga wa tembo? Au ni kadude keusi kafupi mfano wa kipande cha risasi, kichwa kimejikunja chini hata ukimtazama kwa juu hukioni, na nyuma kama kakatwa na kisu?

Mlimaji wa Simu
Nimetoka kuangalia kwa tochi ya simu. Wengi ni huyo wa pili, mkia umekatwa. Wa mkonga wapo ila wachache.

Mpakuzi wa Tandale
Basi hapo una dumuzi, na fukusi kidogo. Fukusi ndo huyo wa mkonga. Jike lake linatoboa punje, linataga yai moja ndani, halafu linaziba tundu, kwa nje huoni kitu, siku unayoona tundu la mviringo ni mtoto ameshakua anatoka. Ukimkuta fukusi utakuta matundu lakini unga sio mwingi. Dumuzi ni mchimbaji, anatoboa huku anatema unga, anapita punje hii anaingia ile, nusu ya anachoharibu hata hali. Ndo maana sakafu yako nyeupe na gunia limekua jepesi, uzito umegeuka vumbi.

Sasa nijibu bila kunificha. Moja, mahindi yalikaa shambani muda gani baada ya kukomaa? Mbili, magunia yalikua mapya? Tatu, ulivyoyaleta uliyapanga juu ya nini?

Mlimaji wa Simu
Moja, msimamizi alisema tuyaache yakaukie shambani tusihangaike na kuanika, ikaenda kama wiki sita hivi, vibarua walikua hawapatikani. Mbili, magunia ni ya mwaka jana, yalikua stoo kwake, bado mazima nikaona hasara kununua mengine. Tatu, juu ya sakafu, nimeegemeza ukutani ili yasianguke.

Mpakuzi wa Tandale
Mkuu, hao wadudu hujawapata Mbagala. Umesafiri nao kwenye Fuso na nauli umewalipia.

Fukusi na dumuzi wote wanaruka, wanayafuata mahindi yakiwa bado yamesimama na gunzi lake, kadri yanavyokaa ndivyo wanavyozidi kuingia. Wiki sita ni nyingi. Halafu yale magunia ya mwaka jana, kwenye zile nyuzi na kwenye pindo za mshono kunakua na wadudu wazima wanakusubiria we umwage mzigo mpya. Mi nikiona mtu analeta mahindi mapya kwenye magunia ya zamani ambayo hayajachemshwa wala kuanikwa juani, bei yangu naishusha hapo hapo na sielezi kwa nini.

Halafu ukayaleta wapi? Dar! Dumuzi anapenda joto la nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 80, akipata hivyo toka yai mpaka mkubwa ni kama siku 25 tu. Hebu niambie Desemba hapo Mbagala kuna nini tofauti na hicho. Toka mwezi wa tisa mpaka leo umefuga vizazi vitatu kwenda vinne. Ungeyaacha Handeni ambako hakuna joto kama la Dar hasara ingekuja tu ila ingechelewa.

Mnyamwezi wa Ubungo
Mmenikumbusha mbali. Mi nimekulia Urambo, na huyu dumuzi kwa nchi hii alianzia kwetu Tabora, mwishoni mwa miaka ya 70 kuingia ya 80, asili yake ni Amerika ya Kati huko Mexico. Sisi hatukumwita dumuzi, tulimwita Skania, jina la lori, sababu likipita halibakishi kitu. Kabla ya hapo mzee alikua anaweka mahindi na maganda yake kwenye kihenge, fukusi anakula kidogo na sisi tunakula, mnaishi nae tu kama jirani mkorofi. Mwaka aliofika Skania mama alipanda kuchukua mahindi ya kusaga akawa anashika gunzi linamvunjikia mkononi, ndani unga mtupu. Nilikua mdogo ila sura yake siisahau, hakulia, alikaa chini tu.

Ndo wakaja mabwana shamba wakasema acheni kuhifadhi na magunzi, pukuchueni, changanyeni dawa, tieni kwenye gunia. Watu walibisha sana maana kupukuchua kihenge kizima kwa mkono sio mchezo. Lakini walikua na hoja, dumuzi akiwa kwenye gunzi punje zimeshikana anapata pa kukanyagia na kusukumia, punje zikiwa huru zinamtelezea kazi yake inapungua. Haiishi ila inapungua.

Baadae kidogo wenzetu wa Togo na Kenya wakaanza kuachia porini mdudu anaemla dumuzi, hiyo ni 1991 na 1992. Anasaidia huko misituni maana dumuzi kiasili ni wa mitini, ila hawezi kuja kukuingilia kwenye gunia lako Mbagala akuokolee biashara.

Kokoto Nyeusi
Aisee mzee umenifunga mdomo. Samahani mleta mada

Fundi Pampu
Mi naona swali la dawa feki mmeliruka. Dawa feki zipo kweli, lakini kwa maelezo ya mleta mada hata ingekua orijino ingemshinda. Unanyunyiziaje juu ya gunia? Dawa ya unga inafanya kazi ikimgusa mdudu, sasa mdudu yupo katikati ya gunia dawa ipo mdomoni.

Inavyotakiwa: unamwaga gunia zima kwenye turubai, unatia dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakti, hizi nyingi za zamani kama Actellic Super ni gramu 100 kwa gunia la kilo 90 mpaka 100, unachanganya kwa koleo kama unachanganya zege, unageuza na kugeuza mpaka kila punje imepata, ndo unarudisha kwenye gunia safi. Vaa barakoa na glavu, upepo ukupige mgongoni. Kazi ya gunia 22 ni siku nzima na mgongo utakujua.

Na mjue kwa nini hizo dawa zina viambata viwili. Pirimiphos-methyl inamweza fukusi ila dumuzi anaivumilia, permethrin inamweza dumuzi ila fukusi haimtishi sana, ndo wakaziweka pamoja. Kwa hiyo mtu akikuuzia unga wowote akakwambia hii kiboko ya wadudu wote, muulize ndani kuna nini, geuza pakti usome, angalia tarehe, angalia kama ina namba ya usajili ya TPHPA, ile mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, hawa ndo waliochukua kazi za TPRI, ile taasisi ya zamani ya utafiti wa viuatilifu. Ya kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni usinunue hata upewe bure.

dada tunu
Na wale wanaotumia dawa ya pamba je? Kuna mtu huko kwetu anasema ndo inaua mpaka kunguni

Fundi Pampu
Dada yangu hiyo ni sumu ya shambani, haikutengenezwa kukaa kwenye chakula. Itaua wadudu na itaendelea na nyie. Hata dawa halali ya kuhifadhia ina muda wa kusubiri kabla ya kula, unapepeta, unaosha, ndo unasaga.

Mtoto wa Jangwani
Mnazunguka sana nyie. Dawa ya hiyo kitu ni vile vidonge, vya kijivu vinakuja kwenye kopo. Unatupia viwili vitatu kila gunia unafunga chumba siku tatu, ukifungua wote chali. Mi nafanya kila mwaka hapo kwangu Buza, nalala chumba cha pili na sijawahi kuumwa hata kichwa.

Mama Zamu
Naomba mods mumzuie huyu au muuache ujumbe wangu ukae juu kabisa. Mimi ni nesi, miaka mingi wodini. Kile kidonge kikikutana na unyevu wa hewa kinatoa gesi inaitwa fosfini, na gesi hiyo HAINA dawa ya kuipindua, ukishaivuta sisi tunakutibu dalili tu na kumuomba Mungu. Inapita chini ya mlango, inapita kwenye dari iliyounganika vyumba vyote, na nyumba zetu hizi za kupanga dari ni moja toka mbele mpaka uani. Watoto ndo wanaenda wa kwanza sababu miili midogo na wanalala chini.

Nilipokea familia usiku, sitasema wapi, baba aliweka vidonge kwenye magunia sebuleni wao wakalala chumbani. Walikuja wanatapika wakadhani ni chakula cha usiku. Walikuja watano, waliotoka ni watatu. Kijana wa Buza, wewe hujawahi kuumwa kichwa, hata wao walikua hawajawahi.

Mpakuzi wa Tandale
Mama asante, na niongezee upande wa kazi. Vidonge kwenye gunia la kawaida la nailoni ni kazi bure, lile gunia linapitisha hewa, gesi inatoka kabla haijaingia ndani ya punje walipo watoto wa mdudu. Unaua wakubwa unaowaona, unafurahi, wiki tatu baadae waliokua ndani wanatoka. Maghala makubwa wanafunika rundo zima kwa turubai lisilopitisha hewa, wanazungushia mifuko ya mchanga chini, wana vifaa vya kupima gesi na watu waliosomea, na hakuna mtu analala humo. Hiyo sio kazi ya chumba cha uani.

Mtoto wa Jangwani
Nimewaelewa. Sikujua hayo ya dari.

Mama wa Kilosa
Hamjambo wanangu. Mimi naishi Tabata kwa mwanangu ila shamba ninalo Kilosa mpaka leo na nalima mwenyewe. Dawa niliacha, natumia mifuko ya PICS, wengine wanaita kinga njaa. Iko mitatu kwa moja, miwili ya ndani ya plastiki nzito na wa nje gunia la kawaida. Unajaza mahindi makavu, unashindilia hewa itoke, unasokota mdomo wa mfuko wa ndani unaukunja unaufunga kwa kamba, kisha unaofuata hivyo hivyo, kisha wa nje. Wadudu waliomo wanavuta hewa iliyobaki mpaka inakwisha, wanaacha kula, wanakufa. Hakuna dawa hata chembe. Nafungua mwezi wa tatu mahindi yanalia kengele.

Ila msifungue fungua kuchungulia. Binti yangu alikua anachota kidogo kidogo kila wiki kwenye mfuko huo huo, akaja kulalamika mifuko feki. Mfuko wa kula weka pembeni, mingine usiguse.

Fundi Pampu
Hii teknolojia walianza nayo Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya kunde huko Cameroon, miaka ya 80, ndo maana herufi ya tatu ya PICS, ile C, ni ya cowpea, yaani kunde. Baadae wakaona inafaa kwa kila nafaka.

Hesabu Kali
Mi napenda kusikia upande wa hela. Mfuko mmoja nilinunua 5,000, gunia la kawaida halifiki hata nusu ya hapo. Kwa gunia 22 ni 110,000 taslimu kabla hujauza hata debe. Mkulima wa gunia nne anatoa wapi? Halafu panya kanitobolea miwili mwaka wa kwanza tu, tundu dogo kama la msumari, hewa imeingia, wadudu wamesherehekea.

Mama wa Kilosa
Mwanangu mimi mfuko mmoja nautumia misimu mitatu. Nikimaliza naujaza maji nautazama kama unavuja, unaovuja naufanya wa nje au wa kuwekea mkaa. Panya ni habari ya usafi na paka, mfuko hauna kosa. Na huyo mwenye gunia nne ndo wa kwanza anaetakiwa anunue, maana akipoteza gunia moja kapoteza robo ya chakula cha nyumba.

Hesabu Kali
Hapo mama umenikamata. Ila bado nasema wauze kwa bei ya mkulima.

Mpakuzi wa Tandale
Nitie neno hapo, mfuko usiopitisha hewa ukitia mahindi mabichi umejitengenezea ukungu. Wadudu hutapata, utapata sumukuvu ambayo huioni kwa macho wala kuchemsha hakuitoi. Mnakumbuka 2016, Dodoma na Manyara, Chemba, Kondoa, Kiteto kule, watu walikufa kwa kula mahindi yenye hiyo kitu, kama 20 hivi. Mahindi yawe na unyevu wa asilimia 13 kwenda chini.

Kipimo kama huna: chupa ya kioo kavu, tia mahindi mpaka robo, tia chumvi kavu vijiko viwili vitatu, funga, tikisa dakika kadhaa, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo mahindi bado mabichi, rudisha juani. Ikidondoka chini yote, funga mzigo. Chumvi yenyewe ianike kwanza, chumvi ya Dar muda wote imelowa, itakudanganya.

dada tunu
Hii ya chupa nafanya kesho asubuhi

Kijana wa Chalinze
Naomba kuingilia kidogo, mi shida yangu ipo shambani, viwavijeshi vamizi wananimaliza, mwenye Y ya kupinduliwa kwenye kipaji. Nimepiga dawa mara tatu hafi.

Fundi Pampu
Fungua uzi wako mkuu usije ukauzamisha huu. Kwa ufupi unapiga umechelewa na unapiga mchana. Akishakua mkubwa anajichimbia ndani ya moyo wa mhindi na kinyesi chake kinaziba juu kama kizibo, dawa haimfiki. Kagua shamba mara mbili kwa wiki mahindi yakiwa machanga, piga jioni akiwa mdogo, elekeza kwenye koo la mmea, na badilisha aina ya dawa, sio jina la pakti, kiambata.

Mlimaji wa Simu
Wakuu nimesoma yote mara mbili. Kumbe nilianza kukosea kabla hata ya kukodi gari. Sasa hichi kilichobaki? Anikeni anikeni, naanika tu juani?

Mpakuzi wa Tandale
Kuanika tu kunawatimua wakubwa, wanatembea wanaingia kwa jirani, waliomo ndani ya punje wanabaki. Fanya hivi. Toa yote nje mbali na nyumba, yachekeche, ule unga na wadudu chimbia au choma, usiwamwagie kuku maana una dawa ndani hujui kiasi. Gunia zilizooza kabisa au zenye ukungu usizihurumie. Yaliyobaki tandaza membamba kwenye turubai jeusi, funika na nailoni inayopitisha mwanga, bana pembeni kwa mawe, jua la saa sita mpaka saa tisa. Joto humo likipita nyuzi 50 wanakufa mpaka wa ndani. Yaache yapoe kabisa ndo ufunge, yakiwa ya moto yatatoa jasho. Chumba kifagie mpaka kwenye nyufa, magunia ya zamani choma, chini weka chaga, acha nusu mita toka ukutani. Na ukishamaliza uza, mkuu. Usingoje tena Februari. Februari yako imeshaliwa.

Mlimaji wa Simu
Mrejesho wakuu, leo siku ya tisa. Tumechekecha mimi na vijana wawili, gunia 22 zimekua 13 na debe mbili, unga tuliozika umejaza gunia tatu. Tumeanika uani siku tatu jirani wakidhani nina msiba. Gunia 10 nimeuza Tandale, mkuu Mpakuzi kanipokea mwenyewe na bei kaniteremsha bila huruma ila kanipa na soda. Tatu na hizo debe nimetia kwenye mifuko ya mama wa Kilosa, ni za kula, chumvi haikuganda. Msimamizi nimemwambia mwakani mahindi yakikomaa tu tunavuna, turubai nanunua mimi.

Kimebaki kitu kimoja. Mwenye nyumba kaja asubuhi anauliza ule unga unaodondoka kwenye mbao za dari ya chumba cha uani ni wa nini. Nimemwambia ni chokaa. Mnyamwezi ulisema huyu mdudu asili yake ni wa mitini, ulimaanisha mpaka kenchi?

Mnyamwezi wa Ubungo
Mbao anatoboa mkuu. Kwetu Urambo kihenge kizima kilikua na matundu.

Kokoto Nyeusi
Anza kutafuta chumba